Kwenye Shoo ya Kitale, Mkulima ni Nani?

Ugali wako ni mweupe kwa sababu ya soko la Uingereza.

Najua hilo si jambo unalotaka kusikia ukiwa Umoja ama Rongai, sufuria iko kwa meko na mwiko uko mkononi. Lakini ndivyo ilivyo. Mahindi yaliletwa pwani yetu na Wareno, na kwa muda mrefu yalikuwa ya kila rangi: ya manjano, mekundu, ya zambarau, na yale ya madoadoa ambayo nyanya zetu bado wanayaficha kwenye kibuyu. Walowezi walipokuja bara walibeba mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini, na mojawapo iliitwa Hickory King. Walikuwa wanalenga wanunuzi wa ng'ambo, hasa viwanda vya wanga vya Uingereza, ambavyo vilipendelea punje nyeupe, kubwa, zinazofanana. Gunia lenye rangi mchanganyiko lilikuwa gunia la bei mbaya. Miaka ikapita, rangi nyingine zikatoka sokoni, kisha zikatoka shambani, na mwishowe zikatoka kichwani. Leo ukimpikia mtu wa Nairobi ugali wa manjano anakuuliza kama ni chakula cha msaada.

Nimeanza na ugali kwa sababu nataka kuongea kuhusu shoo, na shoo ndiyo mahali ambapo mambo kama haya huamuliwa mchana peupe, huku bendi ikipiga na watoto wakilamba aiskrimu.

Mimi ni mtoto wa Trans Nzoia. Kwa wale hamjafika, Kitale iko kama kilomita 380 kutoka Nairobi, katikati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangany. Kila mwaka, kuelekea mwisho wa msimu wakati mahindi yanaanza kukatwa na kusimamishwa shambani, mji hujaa kwa siku chache. Lodgings zinapandisha bei. Boda za Kiminini, Endebess na Kwanza zinabeba watu watatu watatu. Kwa mtoto wa Kitale, shoo ni siku pekee ya mwaka ambayo huhitaji kutoroka shule, kwa sababu shule yenyewe ndiyo inakupeleka. Kuna bembea, kuna mtu anayezungusha pikipiki ndani ya pipa la mbao, kuna nyoka kwenye kisanduku cha kioo, kuna stendi ya Magereza ambapo baba yako anasimama kwa viti vya sofa nusu saa bila kununua.

Lakini kiini cha shoo si bembea. Kiini chake ni mtu aliyevaa koti jeupe na kushika karatasi. Huyo ndiye jaji. Anapita mbele ya ng'ombe walioogeshwa kwa sabuni, anapapasa kiwele, anatazama mgongo na kwato. Anapita kwenye meza ya mahindi, anahesabu mistari ya punje, anaangalia kama yamenyooka na kama yana rangi moja. Kisha anatoa namba moja, namba mbili, namba tatu. Kwa maneno mengine, kila mwaka kuna mtu anaamua hadharani kilimo kizuri ni kipi, na kwa hivyo mkulima ni nani. Historia ya shoo zetu ni historia ya swali hilo.

Chama kinachoendesha shoo za Kenya, ASK, kilianzishwa mwaka wa 1901. Mwaka huohuo reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria, pale Kisumu. Si bahati tu. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetumia hela nyingi kujenga reli, na sasa ilihitaji mizigo ya kubeba ili deni lirudi. Jibu lilikuwa kuleta walowezi walime. Chama kikaitwa cha Kilimo na Bustani cha Afrika Mashariki. Baadaye kikapata hadhi ya kifalme, na shoo kubwa ya Nairobi ikaitwa Royal Show, ikifanyika kwenye uwanja uliobeba jina la gavana, Mitchell Park. Uwanja huo ndio leo tunauita Jamhuri Park. Ukipita Ngong Road ukiona geti la shoo, unapita kwenye jina lililobadilishwa.

Huku kwetu Trans Nzoia mambo yalianza kwa bahati nasibu. Sitanii. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ilitaka kuwapa ardhi wanajeshi wa Kizungu waliopigana. Mwaka wa 1919 watu walikusanyika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi, na mashamba yakagawanywa kwa kuchota majina. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa tayari imewaruhusu walowezi kukodi ardhi kwa miaka 999. Wanaume Waafrika waliobeba mizigo kwenye vita hiyohiyo, na makumi ya maelfu yao wakafa kwa njaa na kuhara, hawakuwa kwenye orodha. Walichoachiwa ni jina la mtaa: Kariokor, kutoka kwa kile kikosi cha wapagazi.

Trans Nzoia ilikuwa moja ya sehemu zilizogawanywa, na ardhi yenyewe haikuwa tupu. Wasengwer walikuwa hapa. Wasabaot walikuwa hapa, na Wapokot walilisha mifugo yao hapa. Wengine walisukumwa milimani, wengine wakabaki kama vibarua kwenye malisho yao wenyewe. Tume ya ardhi ya miaka ya 1930 ilisikiza malalamiko yao na kuandika ripoti, na mashamba yakabaki ya walowezi. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na kuanzia hapo mji ukawa na kila kitu ambacho masetla walihitaji: stesheni, benki, klabu na kanisa.

Na shoo.

Unapaswa kuelewa shoo ilikuwa na kazi gani kwa mlowezi. Kwanza ilikuwa shule. Hakuna aliyejua ng'ombe wa Ulaya atafanyaje mbele ya ndigana, ama ngano itafanyaje mbele ya kutu. Pale mtu aliona fahali wa jirani amenawiri, akauliza anaogeshwa dawa gani. Pili, ilikuwa hoja ya kisiasa. Ukitaka kushikilia ardhi ya wenyewe kwa miaka 999, lazima uonyeshe kwamba wewe ndiye unajua kuitumia. Kila utepe uliofungwa shingoni mwa fahali ulikuwa unasema: tazama, kabla yetu hapa palikuwa nyika.

Sasa jiulize nani alimlisha huyo fahali. Nani alimkamua ng'ombe saa kumi asubuhi? Nani alipanda hayo mahindi na kuyapalilia? Ni maskwota, familia za Waafrika zilizoruhusiwa kulima kipande na kuweka mifugo kidogo shambani kwa mzungu, mradi wamfanyie kazi. Sheria ya 1918 iliwataka wafanye kazi siku 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ikawapa walowezi nguvu ya kufikisha siku hizo hadi 270, na ya kupunguza ng'ombe na ekari za skwota. Soma hapo tena polepole. Walowezi walipunguza ng'ombe wa Waafrika kwa sheria, halafu wakaandaa sherehe ya kuonyesha kwamba wao ndio wanajua kufuga.

Bei nayo ilikuwa mchezo wa aina hiyo. Wakati wa Vita vya Pili, kuanzia 1942, serikali ilihakikishia mlowezi bei ya mahindi iliyo juu kuliko ile ya Mwafrika. Gunia ni lilelile na Mombasa ni ileile. Kahawa ilikuwa mbaya zaidi: Waafrika wengi hawakuruhusiwa kuipanda kabisa. Kulikuwa na majaribio Kisii na Meru miaka ya 1930, lakini mlango haukufunguka vizuri hadi mpango wa Swynnerton wa 1954, wakati Mau Mau ilikuwa imeshaonyesha serikali kwamba watu wamechoka.

Upande wetu wa magharibi, uchovu ulikuwa na jina: Elijah Masinde wa Kimilili, mwanakandanda aliyewahi kuchezea timu ya Kenya kisha akaongoza Dini ya Msambwa. Masinde alikataa amri za kilimo za kulazimishwa na akafungwa mwaka wa 1944. Alisema wazungu waondoke, Trans Nzoia irudi. Serikali ilimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Februari 1948 polisi waliwapiga wafuasi wake risasi Malakisi, watu 11 wakafa, na yeye mwenyewe akahamishiwa Lamu. Ninapofikiria shoo za miaka hiyo, ninaziona pamoja na hilo. Upande huohuo wa magharibi wenye fahali waliopambwa kulikuwa na watu waliopigwa risasi, na ugomvi wao wa msingi ulikuwa ni nani ana haki ya kusema udongo huu ulimwe vipi.

Halafu hadithi inageuka, na inageuka kwa njia ambayo hata mimi siwezi kuichukia.

Mwaka wa 1955 kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianza Kitale, ikiongozwa na mtafiti Michael Harrison. Mwaka uliofuata, 1956, walowezi wakaanzisha Kenya Seed Company hapahapa, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Harrison alikuwa na mahindi yaliyochaguliwa kutoka kwa mashamba ya hapa, Kitale Synthetic II. Akasafiri Amerika ya Kusini na ya Kati kutafuta mbegu nyingine, na kati ya alizoleta kulikuwa na moja iliyoandikwa Ecuador 573. Akazioanisha. Mtoto wao aliitwa H611 na alitolewa kwa wakulima mwaka wa 1964, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru.

Mbegu hiyo haikuishia kwa mashamba makubwa. Ilifungwa kwenye pakiti ndogo, ikapelekwa kwa maduka ya vijijini, yale ya chumvi na mafuta ya taa. Mtu wa ekari moja akaingia akainunua kama mtu wa ekari 1,000. Mtafiti Mmarekani, John Gerhart, alipofuatilia jambo hili katika ripoti yake ya 1975, alikuta kwamba wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya waliikumbatia haibridi kwa kasi kuliko wakulima wa ukanda wa mahindi wa Marekani miaka ya 1930. Wale waliokuwa wakiambiwa hawajui kilimo waliwashinda Wamarekani kwa kujifunza. Hakuna utepe uliotolewa kwa hilo.

Wakati huohuo mashamba yalikuwa yanabadilisha mikono. Mpango wa Ekari Milioni wa 1962 ulinunua mashamba ya walowezi na kuyakatia familia za Waafrika kwa mkopo. Mashamba mengine yalienda kwa shirika la serikali la ADC, lililoanzishwa 1965, na mengine kwa kampuni za kununua ardhi na kwa wakubwa waliokuwa karibu na meza. Watu wakahamia Trans Nzoia kutoka kila upande: Wabukusu, Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waturkana. Wasengwer na Wasabaot wakabaki wakiuliza swali lao la zamani.

Shoo ikabadilisha nguo. Rais akawa mlezi wa ASK. Chifu akakaa pale alipokaa mlowezi, chini ya turubai. Shule zikaleta vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na mtoto wa skwota akasimama uwanjani akiwa ameshika kamba ya ndama aliyemlea mwenyewe. Wazee wa kwetu wakizungumzia shoo za miaka hiyo, macho yao yanabadilika. Kwa mara ya kwanza jaji alikuwa anaita jina la Kiafrika kwenye kipaza sauti. Hilo halikuwa jambo dogo, na sitaki tulicheke kwa sababu sisi tumezaliwa tukilikuta.

Mimi mwenyewe ni zao la mahindi hayo. Mama analima ekari mbili nje ya mji, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwa 614, mjukuu wa ile H611. Ya chuo kikuu haikutosha. Mwaka niliofika mwaka wa pili, bei ya gunia ilianguka kabla mama hajauza, madalali wakaja na bei yao, nami nikafunga sanduku nikarudi nyumbani. Sasa naandika kwa malipo ya makala moja moja. Kwa hivyo nikisema haibridi ilileta neema na ilileta kamba, nasema yote mawili nikiyajua. Neema ni mavuno. Kamba ni kwamba punje yake ukiirudisha shambani msimu ujao haikupi mazao kama ya kwanza. Lazima urudi dukani. Kila Machi unaanza upya na deni.

Halafu kuna 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliofukuzwa kutoka kwa nyumba zao walihitaji uwanja mpana wenye ua na maji. Wakapelekwa kwenye viwanja vya shoo: Eldoret, Nakuru na hapa Kitale. Hema zikapigwa pale ng'ombe hupita gwaride. Mlimani Elgon ugomvi wa ardhi ya Chebyuk ulikuwa umeshachoma vijiji tangu 2006. Fikiria hilo: uwanja uliotengenezwa kuonyesha nani anaijua ardhi ukawa mahali pa kulala pa wale walioambiwa ardhi si yao. Hakuna bango pale linalosema hivyo. Miezi ikapita, watu wakaondolewa, nyasi zikakatwa, na shoo ikaendelea. Ilisimama tena 2020 kwa sababu ya korona, ikarudi.

Ukija shoo leo, utaona nani amechukua kiti cha jaji. Stendi kubwa kabisa ni za kampuni: za mbegu, za dawa za kupuliza, za matrekta, za benki. Zina mahindi yaliyopandwa miezi kadhaa kabla, mistari imenyooka kama daftari, kila bua na kibango chake. Kijana wa rika langu aliyevaa tisheti ya kampuni anakueleza kwa nini mbegu yake inashinda ya jirani. Anaongea vizuri. Wengi wao wana digrii ya kilimo na hawana shamba. Mama anasimama pale, anasikiza, anaokota karatasi ya matangazo, anaikunja mara nne na kuiweka ndani ya leso. Baadaye atapambana na viwavijeshi waliofika mwaka wa 2017, na mbolea ambayo mwaka wa 2024 taifa zima liligundua kwamba magunia mengine yake yalikuwa na kila kitu isipokuwa mbolea, kisa kilichofika hadi bungeni. Kwenye stendi hakuna bua lenye kiwavi.

Na hakuna kibuyu cha nyanya. Kwa miaka zaidi ya kumi, kulikuwa na sababu ya kisheria. Mwaka wa 2012 Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilirekebishwa, na mkulima aliyeuza ama kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa alikuwa hatarini kupigwa faini ya hadi shilingi milioni 1 ama kufungwa hadi miaka 2. Yaani kile mama alichokuwa akifanya na jirani kila msimu, nipe maharagwe yako nikupe mtama wangu, kilikuwa kinaweza kumpeleka jela. Kundi la wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka wa 2022. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Nilipomwambia mama kuhusu uamuzi huo, aliuliza, "Kwani ilikuwa imekatazwa?" Alikuwa amevunja sheria miaka kumi na mitatu bila habari, kama watu wengi sana wa kwetu.

Ndiyo maana nafikiri shoo bado ni muhimu, hata kwako wewe unayejua mahindi kama pakiti ya kilo mbili kwa supamaketi. Ni mahali ambapo nchi inajionyesha yenyewe mkulima ni mtu gani. Kwanza ilisema ni mzungu mwenye miaka 999. Kisha ikasema ni mwananchi mwenye ndama na kilabu cha 4K. Sasa inasema ni mteja. Na kila mara kuna mtu aliyefanya kazi yote na hayuko kwenye picha: skwota, ama mwanamke wa ekari mbili.

Sheria sasa haina kisingizio. Shoo ina madaraja ya fahali, ya maziwa, ya keki, ya maua, hata ya sungura. Ningependa kuona meza moja ya mbegu za kienyeji, na majaji wawe ni wale wanawake waliozihifadhi juu ya moshi jikoni miaka hii yote. Wasihesabu mistari. Waulize mbegu imetoka kwa nani, imevumilia ukame upi, na inapikwaje. Mama ana mahindi mekundu, robo gorogoro hivi. Amesema akiitwa ataenda, lakini nauli nilipe mimi.